Kashebere: jiwe lilivunja mguu mmoja, bima ikahesabu timu nzima

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye kahawa mezani na wenye maji ya moto tu kama mimi.

Jana nilipita kwenye uzi wa ndugu mmoja humu. Analalamika kwamba mwajiri wake anakatwa pesa ya bima ya ajali kazini na hajui ile hesabu inatoka mbinguni au kwa mganga. Nikacheka peke yangu. Halafu nikakaa kuandika, maana ile hesabu niliifanya mimi mwenyewe, kwa mikono hii, katika miaka yangu mizuri kuliko yote, kule Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Ninayoandika hapa ni kweli. Kuna vitu viwili tu nitavizidisha: mvua na matope. Na hata hivyo, aliyewahi kupita njia ya Sake kwenda Masisi atasema nimepunguza.

Mimi ni msomi wa jioni, wakuu. Mchana nilikuwa napakia magunia ya maharagi kwenye malori pale Sake, jioni naingia darasani na vumbi la maharagi masikioni. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anapiga kelele ili tusisinzie. Nadhani hata ng'ombe wa huko juu milimani walijifunza asilimia kupitia sauti yake. Siku nilipopata diploma, mama aliitembeza nyumba kwa nyumba, ikarudi imeshikwa na mtaa mzima na ina harufu ya samaki.

Diploma hiyo ya kunuka samaki ndiyo iliyonipeleka kwenye mutuele.

Kwa wasiojua: serikali za mitaa za kule, yaani sheferi na sekta, zina wafanyakazi wao. Kuna makarani, kuna wafagiaji wa soko, na kuna kantonye, wale wanaotengeneza barabara kwa jembe na sururu. Mtu akivunjika kazini, hakuna sekta moja inayoweza kumbeba peke yake. Basi nyingi ziliungana kwenye chungu kimoja. Kila moja inatoa mchango wa bima kila mwaka, na aliyeumia anatibiwa kutoka humo na kupata mshahara wake mpaka asimame. Chungu hicho tulikiita mutuele.

Mkubwa wetu alikuwa Mama Furaha, mtoto wa wafugaji wa juu Masisi. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya muuza maziwa, na kila asubuhi kabla ya salamu ulipewa kikombe cha moto. Yale maziwa, wakuu! Tangu nitoke kule sijanywa maziwa tena. Nakunywa maji meupe.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Iniversite, mchango unapangwa namna gani?" Alinibatiza Iniversite, yaani Chuo Kikuu, palepale na jina halikutoka mpaka mwisho.

Nikaanza kuimba fomula ya darasani.

"Nyamaza. Leta maharagi."

Nikaleta. Akayamwaga mezani. "Hii njo mishahara yote ya sekta kwa mwaka. Sasa tugawe. Karani akae huku, hatari yake ni kuanguka na kiti. Mufagiaji wa soko akae hapa, hatari yake ni lori inarudi nyuma. Kantonye akae kule, hatari yake ni mulima. Kila fungu iko na bei yake. Mushahara inaweza kuwa sawasawa, lakini ya mulima inalipiwa mara nyingi kuliko ya kiti."

Nikaona rahisi.

"Haijaisha. Sasa unageuza shingo, unaangalia miaka iliyopita. Sekta yenye watu wanaumia kidogo kuliko wenzake, unaipunguzia. Yenye wanaumia sana na wanalala siku nyingi, unaiongezea."

"Na kama ni ajali moja kubwa sana, Mama?"

"Hiyo haiwezi kuua sekta peke yake. Tunaihesabia sehemu, sehemu ingine tunabeba wote. Moja kubwa ni bahati mbaya. Yenye kunitisha ni ndogo ndogo mingi. Hiyo ni tabia."

Shikeni hapo, wakuu. Neno hilo la tabia ndilo lilitaka kumla mtu mguu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuzuia ujanja. Kulikuwa na sekta moja ndani ya msitu, jina nalificha, iliyotangaza kwamba karibu wafanyakazi wake wote ni makarani. Nikapanda moto, yaani pikipiki, siku tatu za matope yaliyofika kwenye kofia, nikaukuta huo uwanja wa makarani: wanaume wenye mabega kama milango, miguu pekupeku, wanachimba mtaro. Nikamuuliza mmoja, "Papa, kalamu yako iko wapi?" Akaninyanyulia sururu. Tulicheka sote, na jioni wakanilisha lituma, ndizi zilizopondwa na maharagi, mpaka nikashindwa kupanda moto yangu mwenyewe. Halafu nikaipandishia sekta yao mchango. Kazi ni kazi.

Ninavyoikumbuka ile njia! Ukungu wa asubuhi ukitoka Sake kupanda, mahindi ya kuchoma, akina mama wanateremka na magurudumu ya jibini kichwani, na wewe kijana una mkoba wa ngozi ya uongo unajiona gavana. Nilikuwa sina kitu na sikukosa kitu.

Turudi.

Msimu mmoja wa mvua mlima uliteleza karibu na Kashebere, kijiji cha Walikale jirani kabisa na mpaka wa Masisi. Kantonye walikuwa chini wanaondoa udongo. Habari ilipotufikia Sake ilikuwa ya kutisha: timu nzima imeumia. Kapita wao, yaani msimamizi, alikuwa ametangaza siku za kulala, yaani za kukosa kazi kwa kuumia, za kila mtu. Tukawalipa wote kama majeruhi, bila kwenda kuona, maana njia ilikuwa imekatika.

Mwisho wa mwaka tukakaa kupanga michango. Sekta ile ikaruka juu kuliko zote. Majeruhi timu nzima! Ile si bahati mbaya, ile ni tabia. Maharagi ya fungu lao yalikaribia kuanguka mezani.

Shefu wa sekta, yaani mkuu wake, akatujibu haraka: kwa bei hiyo anatoka kwenye mutuele. Kantonye atawafanya vibarua wa siku, kila mtu na Mungu wake.

Sasa hapa ndipo penye mwiba. Kanuni yetu ilikuwa kwamba sekta ikitoka, inaondoka na wagonjwa wake. Na katika hospitali ya Masisi kulikuwa na kantonye mmoja, Papa Bauma, mguu umeshikwa na vyuma, anangoja kupasuliwa mara ya pili. Daktari alikuwa amesema wazi: akipasuliwa atatembea. Asipopasuliwa, goti halitakunjika tena maisha yake yote. Na Bauma, ukitoa barabara, alikuwa mkulima wa maharagi kwenye mteremko ambao mbuzi wenyewe wanaupanda wakiomba.

Mama Furaha akaniambia, "Nenda uone hao majeruhi kabla hatujawapoteza."

Nikaenda. Mvua ile ya njiani, wakuu, ilikuwa inanyesha mpaka kutoka chini. Nikafika hospitalini nimejiandaa kukuta wodi nzima inalia.

Nikakuta Bauma peke yake, mwembamba, mdomo mkubwa, na mke wake Mama Riziki anamenya viazi pembeni ya kitanda na mtoto mgongoni.

"Wagonjwa wengine wako wapi?" nikauliza.

"Bagonjwa gani?" akasema Bauma.

"Wale wa timu yako."

"Aaa, bale! Beko ku barabara, banatumika."

Wanafanya kazi! Nikapanda moto tena mpaka karibu na Kashebere. Nikawakuta wote, wazima kama fahali, wanachimba na kuimba. Kapita akaniona na mkoba wangu.

"Weye njo mutu wa asiransi?"

"Ndiyo mimi, wa bima. Natafuta majeruhi waliolala siku zote zile."

"Kulala tulilala," akasema. "Ku lopitali, chini ya kitanda ya Bauma."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka bado.

Akanieleza. Jiwe lilimpiga Bauma peke yake. Lakini udongo ule ule ulikuwa umekata barabara, hakuna gari wala moto inayopita. "Tukakata miti, tukafunga na mablanketi, tukafanya kipoyi. Tukamubeba ku mabega, milima yote ile, mupaka Masisi. Kule nako mutu haachiwe peke yake ku lopitali. Nani atamupikia? Nani atateka maji? Bibi yake iko na mutoto ku mugongo. Tukabakia, tunapokezana."

"Na siku hizo zote mkazitangaza za ajali."

"Tungezitangaza za nini, kaka? Za arusi?"

Wakuu, nikaufunga mkoba wangu. Hakukuwa na ujanja hata punje. Kwa watu wa kule, mwenzako akianguka kazi imesimama kwa wote, na anayebeba kipoyi yumo ndani ya ajali kama aliyelala juu yake. Kapita alisema anachokijua. Sisi wa Sake ndio tulidhani kila siku iliyopotea ina mfupa uliovunjika.

Nikarudi nimejaa furaha. Dawa nimeipata! Tunazifuta siku za wabebaji, sekta inabaki na mguu mmoja, mchango unashuka, Bauma anapasuliwa. Nilijiona nastahili diploma ya pili, ya asubuhi.

Mama Furaha akanisikiliza mpaka mwisho, akasukuma kikombe chake. "Tukizifuta, bale batu banapaswa kurudisha mishahara tuliyowalipa. Na siku ingine jiwe likianguka, mutu mwenye watoto atajiuliza mara mbili kabla ya kushika kipoyi. Utapunguza mchango na utapunguza wabebaji."

"Sasa tufanye nini?"

"Sijui. Itisha wote. Tutaongelea mbele ya mguu wenyewe."

Basi kikao kikafanyika kwenye baraza ya hospitali. Bauma wakamtoa na kitanda chake. Timu ilikuja kwa miguu kutoka Kashebere. Shefu wa sekta akaja na moto, viatu mkononi, suruali imekunjwa, ana hasira na dunia nzima.

Shefu akaanza. "Mama Furaha, miye siko mutu mubaya. Futa siku za hawa, mchango ushuke, nabakia. Ukiziacha, natoka, na Bauma natoka naye."

"Nikizifuta, watarudisha walicholipwa," akasema Mama Furaha.

Kapita akajibu: "Tutarudisha."

Mmoja nyuma yake akauliza, "Banakubali maharagi?" Wakacheka, lakini kicheko cha watu wanaopiga hesabu kichwani. Wengine walikuwa wameshapeleka pesa ile shule.

"Miye sikubali," akasema Bauma kutoka kitandani.

"Weye uko mugonjwa, nyamaza," Kapita akamwambia.

"Mugonjwa ni muguu. Kinywa iko muzima. Mulinibeba ku ile milima, nilikuwa nasikia munapumua sawa ngombe za kubeba magunia. Leo mulipe tena juu ya kunibeba? Nikipona hivyo, kila hatua nitakuwa nawakanyaga. Shefu, toka na miye. Goti ibakie mugumu."

Mama Riziki akaweka chini kisu cha viazi. "Bauma! Nani atalima? Kiburi yako?"

Nilimwona Kapita anaangalia upande mwingine na macho yamejaa. Na mimi, wakuu, niliyekuwa na dawa mfukoni, nilitamani ile dawa inimeze.

Shefu ndiye aliyekasirika. "Sasa munataka nini? Mutuele ilipe batu juu ya kubeba mutu? Hawa beko ambulansi?"

Mama Furaha akageuka polepole. "Shefu, rudia."

"Nimeuliza, hawa beko ambulansi?"

"Iniversite," akaniita. "Mufagiaji wa soko aligongwa Sake, tukakodisha gari ya kumupeleka Goma. Ile gari tulihesabia nani?"

"Usafiri, Mama. Unatoka kwenye chungu cha wote, hauhesabiwi kwenye ajali za sekta."

"Na dereva wake tulimwita majeruhi?"

"Hapana, Mama. Dereva alikuwa na afya kunishinda."

"Basi," akasema. "Ku njia ya gari tunalipa gari. Ku njia ya mabega tunalipa mabega. Hawa hawakuumia na hawakukosa kazi. Walikuwa usafiri, na walikuwa na mugonjwa. Hawarudishi kitu. Na kwako Shefu inabakia mutu moja na siku zake yeye peke yake."

Shefu akakaa. Alikuwa amepata alichotaka kwa kejeli yake mwenyewe, na hakujua afurahi au akasirike.

"Wenzetu wa Walikale ndani watalalamika kulipa wabebaji wa huku," akajaribu.

"Walikale ndani beko na msitu kuliko yako. Bao banabebana na nini, ndege?"

Baraza nzima ikacheka. Lakini Mama Furaha hakuwa amemaliza. "Mulima ungali pale. Huu mguu ni haki uhesabiwe kwako. Ukitaka mchango ushuke kweli, wakichimba chini ya mteremko mutu moja asichimbe. Asimame pembeni aangalie juu, akiona udongo unasogea apige firimbi."

"Nilipe mutu wa kuangalia tu?"

"Ao ulipe muguu mwingine."

"Bauma atafaa," mmoja wa timu akasema. "Kuangalia wengine banatumika anajua tangu zamani."

"Nilikuwa nafanya bure," akasema Bauma, na hapo ndipo mke wake alicheka kwa mara ya kwanza, akarudia viazi vyake.

Shefu akabaki kwenye mutuele. Bauma akapasuliwa. Timu ilikuja siku yao ya kupumzika, wamebeba kuku, na muuguzi aliwafukuza barazani kwa kelele kama mara elfu hivi. Goti likakunjika. Si kama zamani, alitembea kama mtu anayetafuta kitu chini, lakini alitembea, na baada ya hapo alianza kazi ya kuangalia mlima, akiwa bado anapona, badala ya kulala nyumbani. Siku zake za kulala zikakatika mapema, na hilo nalo likashusha mchango. Sekta za ndani zililalamika kweli, halafu moja baada ya nyingine zikakumbuka wagonjwa wao walifikaje hospitali, zikakubali. Ndani ya muda mfupi karibu kila timu ilikuwa na kipoyi chake tayari, kimeshonwa vizuri, pamoja na mtu wa firimbi. Na sisi biro tukajifunza kwenda kuona kwanza, ndipo tumwage maharagi.

Sasa niko Kisangani. Nina kiti kinachozunguka na biro yenye feni. Mutuele ilifungwa vita vilipozidi, watu wakatawanyika na njia ile nimeambiwa imerudi kuwa majani. Mama Furaha mara ya mwisho nilisikia yuko kwa binti yake, hajambo. Namba ya Kapita inaita pengine, pengine haiiti. Mvua ikipiga bati hapa usiku najikuta nasikiliza kama kuna moto inapanda kilima. Kisangani hakuna kilima, wakuu. Kazi ninayo, mshahara mkubwa kuliko ule, na ningeurudisha wote nipate asubuhi moja ya ukungu pale Sake na mkoba wangu wa ngozi ya uongo.

Somo langu, kwa ndugu yule wa jana na wengine: mchango wa bima hautoki kwa mganga. Ni mishahara, ni aina ya kazi, ni walivyoumia watu miaka ya nyuma. Mwajiri akitaka ushuke kuna njia mbili. Kuna ya kuficha watu, kuita wachimbaji makarani na kufuta siku kwenye karatasi. Na kuna ya kwenda mpaka chini ya mlima, kuuliza nani aliumia, nani alimbeba, na nini kifanyike jiwe la pili lisikute mtu. Ya kwanza ni rahisi kwa mwaka mmoja tu.

Mliofanya kazi kwenye halmashauri, manispaa, kwenye mabarabara na masoko, hebu semeni hapo chini. Kwenu mtu akiumia kazini anafika vipi hospitali? Na wale waliomnyanyua, siku yao inahesabiwa kwa nani?